Kabla Hujakitoa Chakula Kwenye Sahani: Namna ya Kuchunguza Kama Unachokula Kinagusa Akili Yako

Mimi ni mtaalamu wa lishe, na wengi ninaokaa nao ni watu ambao kichwa kimewaelemea: usingizi hauji, moyo unaenda mbio bila sababu, huzuni haitoki, mtu anasoma ukurasa mmoja mara tatu na hakumbuki alichosoma. Wengi hufika wakiwa wameshampata mshukiwa. Ni ngano. Ni maziwa. Ni sukari. Wanachotaka kutoka kwangu ni ruhusa tu ya kukiondoa chakula hicho.

Mimi huwauliza kwanza: mwili wako unakosa nini? Kati ya watu niliowahudumia, waliopata nafuu kubwa zaidi ni wale waliorudishiwa kitu kilichopungua mwilini, kuliko wale waliokatazwa chakula. Kwa hiyo nitakupeleka kwa utaratibu ninaoufuata kazini: andika, pima, jazia, na kuondoa kuwe mwisho kabisa. Ukiwa na haraka utauona mrefu. Naomba uuvumilie, maana kuondoa vyakula ovyo ndiko kunakonipa kazi kubwa ya kurekebisha.

Sisemi kwamba chakula hakiwezi kuivuruga akili. Kinaweza, tena vibaya. Mwanzoni mwa karne ya 20, kusini mwa Marekani, watu wengi maskini waliugua pelagra: ngozi inababuka, tumbo linaharisha, kisha akili inachanganyikiwa. Baadhi yao waliishia kwenye hospitali za wagonjwa wa akili, na madaktari wengi waliamini kwamba ni ugonjwa wa kuambukizwa. Mwaka 1914 daktari Joseph Goldberger alipewa kazi ya kuuchunguza. Akabadilisha mlo katika vituo vya yatima na katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akaongeza maziwa, nyama, mayai na kunde, na ugonjwa ukarudi nyuma. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem akaonyesha kwamba kilichokosekana ni niasini, moja ya vitamini za kundi B. Watu walikuwa wamepoteza akili zao kwa sababu ya kitu ambacho hakikuwa sahanini mwao.

Jua unazungumzia tatizo gani

Kuna mambo matatu ambayo watu huyaweka kapu moja, na kila moja lina hatari yake.

La kwanza ni mzio. Hapa mfumo wa kinga unakishambulia chakula kama adui, na dalili huja ndani ya dakika chache, kwa kawaida kabla ya saa mbili kupita: midomo kuvimba, vipele, kutapika, kifua kubana. Mzio unaweza kuua. Ukiwahi kupata dalili hizi, usijaribu chochote nyumbani kati ya yale nitakayoyaeleza hapa chini. Nenda kwa daktari.

La pili ni mwili kushindwa kukimeng'enya chakula. Mfano unaojulikana zaidi ni sukari ya maziwa, yaani laktosi. Takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani hupungukiwa na kimeng'enya cha kuivunja baada ya utoto. Tumbo hujaa gesi, linanguruma, linaharisha. Hali hii haiui, lakini mtu anayeamka usiku kwa sababu ya tumbo atakuwa na hasira na uzito wa kichwa kesho yake, na mara nyingi hataunganisha mambo hayo mawili.

La tatu ni ugonjwa wa siliaki, unaompata takriban mtu mmoja kati ya 100. Gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai (nafaka inayofanana na ngano), huifanya kinga ya mwili iushambulie utumbo mwembamba wa mtu mwenyewe. Utumbo ukiumia, chuma, folati na vitamini nyingine hazifyonzwi vizuri. Wapo wagonjwa wanaoanza na uchovu, huzuni, wasiwasi, ganzi ya miguu au kupepesuka wakitembea, huku tumbo likiwa halilalamiki sana. Marios Hadjivassiliou na wenzake wa Sheffield, Uingereza, wameonyesha tangu miaka ya 1990 jinsi gluteni inavyoweza kugusa ubongo na neva za baadhi ya watu.

Anza na daftari

Kwa wiki mbili usibadilishe chochote. Kula kama ulivyozoea na andika. Andika saa, ulichokula na kunywa, ulivyolala, dawa ulizomeza, na kwa wanawake, siku za mzunguko wa hedhi. Kisha chagua dalili tatu zinazokusumbua zaidi, uzipe alama kutoka 0 hadi 10, mara mbili kwa siku, saa zilezile. Usiandike tu "leo nilijisikia vibaya." Andika "wasiwasi 7, umakini 3, usingizi wa jana 4."

Huu hapa ukurasa unaofanana na nyingi nilizoletewa:

Saa 1 asubuhi: kahawa kikombe kikubwa, sijala.
Saa 4 na nusu: kahawa tena, biskuti mbili.
Saa 5 na robo: mikono inatetemeka, jasho, nahisi kuna jambo baya litatokea. Wasiwasi 8.
Saa 8 mchana: sahani kubwa, mkate na mchuzi, nimekula haraka.
Saa 9: usingizi mzito, kichwa hakifanyi kazi. Umakini 2.
Saa 10: kahawa.
Saa 6 usiku: macho makavu, usingizi hauji.

Aliyeandika ukurasa wa namna hii atakwambia tatizo lake ni mkate, kwa sababu alikula mkate saa 8 na saa 9 akazimika. Sasa soma upya kuanzia juu. Saa 5 na robo, alipotetemeka, mkate ulikuwa bado haujafika mezani. Ubongo una takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia kama asilimia 20 ya nishati yake. Mwenye usingizi mbovu, aliyekaa tangu usiku bila kula cha maana, akijimwagia kafeini juu ya tumbo tupu, moyo wake utaenda mbio tu. Sukari ya damu ikishuka, mwili hutoa adrenalini, na dalili zake ni zilezile za hofu: jasho, mtetemo, mapigo ya moyo. Mtu huyo hahitaji kuondoa ngano. Anahitaji kula asubuhi, chakula chenye protini ndani yake, na kuisogeza kahawa.

Kafeini naitaja mapema kwa sababu ndiyo ya kwanza kuichunguza kwa kila mwenye wasiwasi au kukosa usingizi. Nusu yake hubaki mwilini kwa takriban saa tano, na kwa wengine zaidi. Ile ya saa 10 jioni bado inafanya kazi ukiwa kitandani. Kwa mtu mzima mwenye afya, kiwango kinachohesabiwa kuwa salama ni hadi miligramu 400 kwa siku, na kwa mjamzito ni 200. Kikombe cha kahawa ya kuchuja huwa na kama miligramu 90. Lakini hivyo ni viwango vya watu wote kwa jumla. Wapo ambao kikombe kimoja kinatosha kuwafanya wakose raha.

Ukipunguza, punguza kidogo kidogo. Anayeacha kahawa ghafla huanza kuumwa kichwa ndani ya saa 12 hadi 24, na uchovu na hasira vinaweza kuendelea hadi siku tisa. Naisisitiza sana hii kwa sababu watu wengi huacha kahawa, mkate na maziwa siku moja, wakaumwa kichwa, wakaambiwa na mtu kwamba "sumu inatoka." Hakuna sumu inayotoka. Ni kafeini inayodaiwa. Na wiki ya pili wakijisikia vizuri, sifa zote huenda kwa mkate ulioachwa.

Pombe pia iandike bila kuficha. Humlaza mtu haraka, kisha huuvunja usingizi nusu ya pili ya usiku, na asubuhi huacha wasiwasi ambao wengi hudhani ni ugonjwa mwingine.

Pima kabla ya kuondoa

Daftari likijaa, nenda nalo kwa daktari ukamwombe akupime. Vipimo ninavyoviona vina maana kwa mtu mwenye huzuni, uchovu au kumbukumbu iliyopungua ni hivi: wingi wa damu, akiba ya chuma, vitamini B12, folati, sukari ya damu na utendaji wa tezi ya thairoidi. Na kama una shaka na ngano, kipimo cha damu cha siliaki.

Kuhusu siliaki, soma hapa taratibu. Kipimo hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza kwa sababu unakula gluteni. Ukishaiacha, kingamwili hushuka na kipimo kinaweza kusema huna ugonjwa ilhali unao. Mwongozo wa afya wa Uingereza humtaka mtu awe amekula gluteni kila siku, katika zaidi ya mlo mmoja, kwa angalau wiki sita kabla ya kupimwa. Kwa hiyo anayeiondoa ngano kwanza na kutaka jibu baadaye atalazimika kuirudisha, na kama kweli ana siliaki, wiki hizo sita zitakuwa za mateso. Pima kwanza.

Vitamini B12 ndiyo ninayoihangaikia kuliko zote. Tunaipata kwenye vyakula vya wanyama: nyama, samaki, mayai, maziwa. Ini huweka akiba ya miaka, hivyo upungufu huingia polepole mno, mtu haoni siku ulipoanza. Kumbukumbu inapungua, hasira zinakuwa za karibu, huzuni, ganzi au kuchomachoma kwenye nyayo. Walio hatarini ni wasiokula kabisa vyakula vya wanyama bila kumeza nyongeza, wazee, waliofanyiwa upasuaji wa tumbo, na wanaotumia kwa muda mrefu metformini ya kisukari au dawa za kupunguza asidi tumboni. Ukichelewa, neva zinaweza zisirudi kama zilivyokuwa. Tena usijitibu kwa vidonge vya folati peke yake: vinaweza kufanya kipimo cha damu kionekane kizuri huku neva zikiendelea kuharibika.

Nilimhudumia mama mmoja, mwalimu, aliyekuwa akisahau majina ya wanafunzi aliowafundisha mwaka mzima. Miaka kadhaa nyuma alikuwa amelipia kipimo cha damu kinachoahidi kuonyesha vyakula "visivyokubaliana" na mwili, akapewa karatasi yenye mistari myekundu mingi: maziwa, mayai, ngano, samaki. Alivitii vyote, baadaye akaiacha na nyama. Aliponivulia viatu akanionyesha jinsi asivyohisi vidole vyake vya miguu, nilimwomba daktari ampime B12 siku ileile. Ilikuwa chini sana. Sindano zilianza, vyakula vikarudi kimoja kimoja, na hakuna hata kimoja kilichomdhuru.

Vipimo vya aina hiyo hupima kingamwili za IgG. Kingamwili hizo huonyesha kwamba mwili umekutana na chakula hicho, basi. Ndiyo maana vyakula unavyovipenda zaidi ndivyo vinavyojaa kwenye orodha. Vyama vya wataalamu wa mzio vya Ulaya, Marekani na Kanada vimeshasema visitumike kutambua mzio wala kutovumilia chakula. Usivilipie.

Chuma kikipungua, hata kabla damu haijashuka, mtu anaweza kuchoka na kushindwa kuweka mawazo mahali pamoja. Wanawake wanaotoka damu nyingi ya hedhi ndio wanaopatwa zaidi. Chai na kahawa zikinywewa pamoja na mlo hupunguza ufyonzwaji wa chuma cha mimea. Tunda au mboga yenye vitamini C huuongeza. Sogeza chai saa moja mbali na chakula. Vidonge vya chuma usimeze bila kupimwa, na viweke mbali na watoto, kwa kuwa vikizidi ni sumu kwao kweli.

Iodini naipitia haraka: tumia chumvi yenye iodini, hasa ukiwa mjamzito au ukitarajia. Upungufu wake wakati wa ujauzito ndio sababu kuu duniani ya ulemavu wa akili unaoweza kuzuilika.

Jazia sahani

Mwaka 2017 Felice Jacka na wenzake wa Australia walichapisha utafiti wa watu 67 wenye sonona, wengi wao wakiwa tayari kwenye matibabu. Kundi moja lilisaidiwa kubadilisha mlo, jingine likapata mtu wa kuzungumza naye. Baada ya wiki 12, asilimia 32 ya kundi la mlo walikuwa hawana tena dalili za kiwango cha ugonjwa, dhidi ya asilimia 8 ya kundi la pili. Ni utafiti mdogo, na kila mshiriki alijua yuko kundi gani. Siutumii kumwambia mtu aache dawa. Ila ninachokipenda ni kwamba msisitizo ulikuwa kwenye kuongeza: mboga, matunda, kunde, nafaka zisizokobolewa, samaki, karanga, mafuta ya zeituni. Vyakula vya kukaanga, vitamu na nyama za viwandani vilipungua kwa sababu nafasi yao ilichukuliwa.

Anza na mlo mmoja tu, ule ulio dhaifu zaidi kwenye daftari lako. Kwa wengi ni wa asubuhi. Mtu mwenye sonona hana nguvu za kupika vitu vitano, kwa hiyo usimpangie hivyo. Yai na tunda vinatosha wiki ya kwanza. Maharage yaliyochemshwa mara moja yakaliwa siku tatu yanatosha.

Usidanganywe pia na vyakula vinavyouzwa kwa sifa ya "kuongeza serotonini," kemikali ya mwili inayohusishwa na furaha. Ni kweli takriban asilimia 90 ya serotonini ya mwili hutengenezwa tumboni, lakini hiyo haivuki kuingia kwenye ubongo.

Ukibaki na shaka, ndipo ondoa

Vipimo vimerudi salama, usingizi na kahawa umevirekebisha, milo imekaa sawa, na bado daftari linaonyesha kwamba chakula fulani hufuatwa na dalili zilezile. Sasa una haki ya kukijaribu.

Ondoa kimoja. Si viwili. Weka mbadala wenye lishe ileile. Ukitoa maziwa, hakikisha kalsiamu inatoka kwingine. Kaa hivyo kwa wiki mbili hadi nne huku ukitoa alama zako kama kawaida, bila kuanza mazoezi mapya wala dawa mpya kipindi hicho. Kama hakuna kilichobadilika, jibu umelipata: kirudishe.

Kama umepata nafuu, bado hujamaliza. Kirudishe kwa makusudi: kidogo siku ya kwanza, kiasi cha wastani siku ya pili, sahani yako ya kawaida siku ya tatu. Kisha kiache tena siku chache uone. Dalili zinazorudi na chakula na kuondoka nacho, zaidi ya mara moja, hizo ninaziamini.

Bora zaidi, mtu wa nyumbani akusaidie usijue ni siku gani chakula kimo. Mategemeo yana nguvu kubwa. Mwaka 2018 watafiti wa Norway walichapisha matokeo ya watu 59 walioamini kwamba gluteni inawadhuru ingawa hawakuwa na siliaki. Walipewa vitafunwa vya aina tatu bila kujua kipi ni kipi: chenye gluteni, chenye fruktani, na kisicho na vyote viwili. Fruktani, aina ya kabohaidreti iliyomo kwenye ngano na pia kwenye vitunguu, ndiyo iliyoongoza kwa kuleta dalili. Gluteni haikutofautiana na kile kisicho na kitu. Watu wale walikuwa wanaumwa kweli. Mshukiwa tu ndiye hakuwa yule. Na mtu wa namna hiyo anaweza kuishi miaka bila mkate huku akila vitunguu kila siku na kushangaa mbona haponi.

Wasiofanya haya peke yao

Watoto, wajawazito, wanaonyonyesha na wanaotumia insulini wasiondoe chakula bila mtaalamu. Na aliyewahi kuwa na matatizo ya kujinyima kula, au anayeanza kuogopa chakula, naomba asiondoe chochote kabisa. Nimeona orodha ya vilivyokatazwa ikirefuka kila mwezi kwa jina la afya, hadi mtu anakataa kula na wenzake, anapungua uzito, na kadiri anavyopungua ndivyo akili inavyozidi kung'ang'ania chakula. Njaa yenyewe huleta huzuni na wasiwasi. Mtu huyo anahitaji kulishwa na kutibiwa.

Dawa za akili usiziache wala kuzipunguza kwa sababu umebadilisha mlo. Zipo zinazogongana na chakula moja kwa moja. Dawa za zamani za sonona za kundi la MAOI, kama fenelzini, zikikutana na jibini iliyokomaa, nyama zilizochachushwa au mchuzi wa soya zinaweza kupandisha presha ghafla hadi kuhatarisha maisha, kwa sababu ya tiramini iliyomo. Anayetumia lithiamu asipunguze chumvi wala maji ghafla. Dawa inaweza kupanda kwenye damu hadi kuwa sumu. Muulize aliyekuandikia dawa kabla hujagusa sahani.

Usisubiri daftari kama kuna mawazo ya kujiua, kuchanganyikiwa kwa ghafla, degedege, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, au ganzi inayopanda. Vilevile mnywaji wa pombe anayepepesuka hata akiwa hajalewa, macho hayatulii na maneno hayaeleweki, huenda amepungukiwa sana na thiamini, yaani vitamini B1. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo.

Kwa wengine, siku ya kumwona daktari beba karatasi moja tu. Andika dalili zako tatu na alama za wiki mbili, dawa zote pamoja na nyongeza na mitishamba, vyakula ulivyokwisha kuviacha na tangu lini, na kama bado unakula ngano au la. Hilo la mwisho lipigie mstari, maana daktari akilikosa, kipimo cha siliaki kinaweza kutoa jibu la uongo.